Taya na Pembe ya Samli

12 Januari 1976, Jumatatu

Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri kitubioni. Jana, watu wakiwa kanisani, nilipanda mkaratusi. Sikupanda kwa kukumbatia shina kama watoto wanavyopanda mipera. Nilipanda kwa taya za kaka yangu Machage, kaptula yake nimeivaa chini ya gauni, mpaka kwenye panda ya kwanza, mahali ambapo kunguru unawaona migongo.

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari langu la jiografia. Naandika Kiswahili kwa sababu Bibi hajui kusoma, na Machage akisoma anatafuna kila silabi mpaka anachoka. Kiingereza kingekuwa salama zaidi, lakini Kiingereza changu ni cha mtihani, hakijui kusema naogopa.

Nieleze kidogo, halafu nilale. Machage anafanya kazi na Bwana Miti, Ndugu Kornelio wa misitu. Wanakusanya mbegu za ile mikaratusi mirefu ya kwenye boma la zamani la Mwingereza, juu ya kilima, ili ipandwe vijiji vipya ambavyo havina kuni wala kivuli. Mikaratusi ile haina tawi mpaka juu sana, na mashina yake ni laini kama sahani. Ndiyo maana Ndugu Kornelio alikuja na kamba ya nailoni na vyuma viwili ambavyo hapa kila mtu anaviita taya. Kila taya inaenea kiganjani, ina mpini, na ndani ina ulimi wenye meno. Ukiisukuma juu kwenye kamba inapita. Ukiiegemea inauma. Moja inafungwa kwenye mkanda wa kiunoni, nyingine kwenye kitanzi cha miguu. Unakaa, unakunja miguu, unasimama, unasukuma, unakaa tena, kama kiwavi anayepima jani.

Karatasi ya maelezo imeandikwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemsomea Machage. Nikajiambia nijaribu, ili nielewe nilichokuwa nasoma. Huo ndio uongo niliojidanganya nao.

14 Januari

Maji, kuni, shamba la kijiji. Matokeo ya Kidato cha Nne bado. Nimechoka.

17 Januari, Jumamosi

Leo Bibi alinituma niwapelekee uji kule kilimani, nikakaa kutazama.

Kamba haifiki juu yenyewe. Inapelekwa na Mzee Nyangwine kwa upinde. Mshale ameukata ncha na kuufunga uzi wa wavuvi. Mshale unavuka panda na uzi wake, uzi unavuta kamba ya katani, katani inavuta nailoni, halafu mwisho wa nailoni unafungwa kwenye shina la mti wa pili, na kamba inaachwa hapo, hata Jumapili, mpaka mti umalizike. Leo mzee alikosa mara ya kwanza. Vijana wakacheka.

"Chekeni," akasema. "Ng'ombe mnaokunywa maziwa yao waliletwa na mkono huu."

"Kutoka wapi, mzee?" Machage akauliza.

"Mura, kijana wangu, swali hilo aliniuliza polisi, na yeye sikumjibu."

Hata Ndugu Kornelio alicheka, naye si mtu wa kucheka. Kisha akamgeukia Machage mbele ya wote. "Wewe. Miti hii yote ikimalizika kabla ya masika, nakupeleka kozi ya misitu Arusha. Cheti sitazami. Natazama kazi."

Machage darasa la saba lilimshinda mara mbili. Vijana wa rika lake wanavuka milima kufuata ng'ombe wa watu, na wengine hawarudi. Leo alirudi nyumbani mgongo umenyooka kama amemeza mwiko, akaniambia, "Mwalimu, nisomee tena ile karatasi. Yote." Nikamsomea. Kamba isiguse mahali penye ncha. Mafuta yawekwe kwenye bawaba tu. Meno yabaki makavu. Akarudia kila mstari kwa mdomo kama katekisimu.

20 Januari

Jua kali. Kisima cha chini kimekuwa tope. Nimesimama foleni asubuhi nzima na wanawake wanaouliza kama nina mchumba. Nilisema hapana kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Shuleni Sista alikuwa anasema nina sauti ya kuku aliyelowa.

25 Januari, Jumapili

Nimepanda tena. Nilisema naumwa tumbo. Kila nikisema uongo wa tumbo, tumbo linauma kweli.

Niandike sasa kwa nini. Kutoka juu pale panaonekana mahame yetu. Mwaka juzi Operesheni ya kuhamia vijijini ilipokuja na lori tuliletwa huku, kwenye nyumba zilizopangwa mistari kama madawati. Nyumba yetu ya zamani ikabomolewa ili tusirudi. Nyuma ya zizi likabaki kaburi la Mama, peke yake. Baba yuko kwa mke wake mdogo huko Kisaka. Bibi magoti yake hayafiki. Machage hapataji mahali pale hata kwa bahati mbaya. Lakini mimi nikikaa kwenye panda, kamba ikiwa imeumwa vizuri chini ya kiuno changu, naona duara la minyaa ya zizi, na nyuma yake mawe meupe. Sisali. Natazama tu. Mikono imechoka, lakini ni uchovu mwingine, si ule wa maji na kuni.

2 Februari, Jumatatu

Bibi ana pembe ya samli inayoning'inia juu ya kitanda chake. Samli hiyo si ya kula. Anapaka mkuki wa babu, anapaka majembe siku ya kwanza ya kulima, anapaka paji la uso la ndama. Chuma chochote kinachoingia nyumbani lazima kipakwe, kijue kimefika kwa nani. Aliwahi kupaka redio ya Baba kwenye vifungo. Ikanyamaza mpaka leo. Bibi anasema ilinyamaza kwa heshima.

Siku nilipokwenda mtihani alinipaka kichwani. Nikafanya hesabu zote nikinuka zizi, na msichana wa mbele yangu aligeuka mara kwa mara kutafuta ng'ombe.

Leo aliona taya kwenye gunia la Machage, akaniuliza, "Vitu hivi vya Bwana Miti vinakula nini?"

"Vinauma kamba, Bibi."

"Kinachouma lazima kile," akasema, akaendelea kuchambua mtama.

9 Februari

Mawingu upande wa ziwa. Yalikuja, yakatutazama, yakaondoka.

13 Februari, Ijumaa

Imebaki miti mitatu. Machage anarudi na gunia la matawi, tunachuma vitunda vyake, vigumu kama vifungo vya koti, tunavianika kwenye turubai. Vikipata jua vinafunguka na kumwaga mbegu laini kama ugoro. Mzee Nyangwine alichovya kidole, akajifanya anataka kunusa.

"Huo ni msitu mzima, mzee," Ndugu Kornelio akasema.

"Basi ningepiga chafya ya mbao."

Machage hakucheka. Viganja vyake vimechubuka, hali chakula cha kutosha, usiku anaweweseka. Jana manyunyu yalianguka, akakaa mlangoni akiyatazama kama mtu anayedaiwa. Mvua ikishika, miti haitapandika, vitunda vitakosa jua la kufunguka, na Arusha itakwenda na maji.

15 Februari, Jumapili

Nimepanda. Taya zimeuma vizuri, kavu. Mawe yanaonekana.

17 Februari

Kuna arusi jirani. Machage amekunywa kidogo, amerudi mapema. Nimesaga mtama mpaka mabega hayainuki.

18 Februari, Jumatano

Machage ameanguka.

Asubuhi ilikuwa na baridi, ukungu umelala mpaka mlangoni. Bibi alimpa gunia lake akamwambia, "Vyuma vyako nimekutengenezea, mjukuu wangu. Leo vitakutii." Nilisikia. Nilikuwa nachochea moto usiotaka kuwaka, macho yamejaa moshi, na maneno yale yakapita kama maneno mengine ya Bibi.

Nilipowapelekea uji nilimkuta ameshapita urefu wa nyumba mbili. Nilimwona anasimama kwenye kitanzi. Halafu nikaona mguu wake unashuka na taya, taratibu kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi. Akakaa kwenye mkanda, na taya ya kiunoni nayo ikashuka. Hakupiga kelele. Aliishika kamba kwa mikono mitupu na kuja nayo yote mpaka chini. Kilicholia ni mguu.

Mzee Nyangwine alifika wa kwanza. Alivua shuka lake akamfunga. "Usitazame mguu, mura. Nitazame mimi, mimi mbaya zaidi." Machage alikuwa anatazama juu ya mti. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimepoteza ngozi.

Walimbeba kwa machela ya mifuko mpaka barabarani, wakapata lori la pamba la kwenda mjini. Mimi nilibaki na sufuria ya uji.

19 Februari

Mguu umevunjika chini ya goti. Atapona, daktari amesema. Bibi hakula.

22 Februari, Jumapili

Mwenyekiti wa kijiji, Simioni, amesimama baada ya misa akasema kijana alikuwa amelewa. Kwamba arusi ilikuwa jana yake, watu walimwona na kata mkononi, na serikali haiwezi kupeleka mlevi Arusha. Watu wakaguna kwa kukubali. Wengine wakasema hapana, kuna mwanamke aliyeruka ile kamba akaitia mkosi. Hapo nilitazama miguu yangu.

Ndugu Kornelio alisimama pembeni akiwa ameshika kofia. Hakumtetea. Alisema tu, "Chombo kile hakitelezi chenyewe. Lazima kuna kosa la mtu."

Nilirudi nikachukua gunia. Lilikuwa chini ya kitanda cha Machage, hakuna aliyeligusa. Nilitoa taya nikaminya ulimi wa moja. Ulibaki wazi, kama mdomo wa mtu aliyelala. Ndani ya meno kulikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Nikanusa. Sikuhitaji kunusa.

Baridi ya asubuhi ile iliigandisha samli, na meno yakawa ufizi mtupu.

24 Februari

Siwezi kulala, na mchana siwezi kuwa macho.

Nikisema ni samli, watajua ni Bibi. Yeye ndiye aliyetulea tangu Mama alipotutoka. Mtamu wa maneno hakuwa, lakini hatukulala njaa. Leo nimemkuta ameshika kaptula ya Machage iliyochanika anaishona, uzi haumpiti kwenye tundu la sindano, anajaribu, anajaribu. Akaniambia, "Niliomba vibaya, Rhobi. Nilisahau kutaja jina la mti." Anadhani kosa ni kwamba alibariki kidogo.

Nikinyamaza, Machage ni mlevi mpaka siku ya kufa.

Na hata nikisema, wataniuliza, umejuaje kwamba kabla ya hapo taya zilikuwa kavu? Najua kwa sababu Jumapili ile zilinibeba.

27 Februari

Nimekwenda hospitali na Bibi. Machage ameuliza kitu kimoja tu: "Miti imebaki mingapi?" Nikamwambia Ndugu Kornelio ameleta kijana wa Nyamongo aliyepanda miwili kwa kamba yake mwenyewe, kisha akaukataa wa mwisho, ule mrefu. "Basi bado," akasema, akageukia ukutani.

Njiani Bibi alikaa chini kando ya njia. Nilidhani ni magoti. Alikuwa analia.

1 Machi

Mawingu meusi tangu mchana. Siafu wamehamia ndani. Bibi anasema mvua haivuki wiki hii.

3 Machi, Jumatano ya Majivu

Nimetoka kanisani na jivu kwenye paji la uso nikaenda moja kwa moja bomani kwa Ndugu Kornelio, gunia begani. Alikuwa anafunga mizigo. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona, kwa sababu kuita sikuweza.

"Karibu. Wewe ni dada yake Machage."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

Nilitoa taya nikamwonyesha meno. Akaminya ulimi, ukabaki wazi. Akaikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Nani alipaka?"

"Mimi."

"Wewe." Alikaa juu ya sanduku lake. "Nani alimsomea Machage maelezo?"

"Mimi."

"Yanasemaje kuhusu mafuta?"

"Kwenye bawaba tu. Meno yabaki makavu."

"Unajua hivyo, halafu ukapaka."

"Ndiyo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilihisi jivu linateremka na jasho mpaka kwenye nyusi. Kisha akatazama kupitia dirishani, huko chini kwenye mistari ya nyumba, kama anayetafuta moja. "Wasichana wa sekondari," akasema polepole, "sikujua siku hizi wanatumia samli ya pembe." "Haya. Machage hakuwa mlevi. Hilo nitalisema mimi mwenyewe, mbele ya Mwenyekiti. Lakini mti mmoja umebaki, na nilisema yote. Nani ataupanda?"

Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ilitoka ile sauti ya kuku.

"Mimi."

"Unaweza?"

"Nimeshapanda. Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Nyingi."

Akavua kofia, akaivaa tena. Akaniletea maji ya moto na jivu la jikoni, nikakaa kwenye ngazi ya boma nikasugua taya kwa kijiti na jivu mpaka zikalia kavu. Nilipominya ulimi ulirudi kwa nguvu ukaniuma kidole. Nilifurahi kuumwa.

5 Machi, Ijumaa

Nimechoka mpaka kalamu ni nzito, lakini hii lazima niiandike.

Habari ilikuwa imetangulia. Nusu ya kijiji ilikuwa kilimani. Ndugu Kornelio alisema habari ya mafuta kwenye meno, kwamba Machage hakuwa na kosa. Hakutaja jina la mtu. Kisha nikatokea na kaptula, mkanda kiunoni.

"Ndugu Kornelio!" Mwenyekiti Simioni akasema. "Msichana juu ya mti? Na sisi tulio chini tutazame wapi?"

"Tazama mbali, Mwenyekiti," Mzee Nyangwine akajibu huku anavuta upinde. "Kama unavyofanya mkutanoni tukikuuliza maswali."

Watu wakacheka, na kicheko chao kikanifunika kama shuka. Mshale ulivuka panda mara moja.

Sikutazama watu. Nikakaa, nikakunja miguu, nikasimama, nikasukuma. Kila taya ikiuma nilisikia sauti ndogo, *ta*, na nikaingoja hiyo kabla ya kuiamini. Nilipopita mahali ambapo Machage alianza kushuka, mikono ilikataa. Nilining'inia pale. Upepo ulinuka mvua. Nikamkumbuka Machage amegeukia ukutani. Nikasukuma.

Juu nilikata matawi yenye vitunda mpaka msumeno ukaniponyoka kwa jasho, bahati nzuri ulikuwa na kamba yake. Gunia lilijaa. Kabla ya kushuka nilitazama upande ule. Mawingu yalikuwa yamefika, lakini mawe yalikuwa bado na mwanga.

Chini Ndugu Kornelio alipima gunia kwa mkono. "Nilisema miti ikimalizika," akamwambia Simioni. "Mkono wa nani sikusema. Machage akitembea, anakwenda."

Bibi alikuwa amesimama nyuma ya wote, ameegemea fimbo yake. Alisubiri watu watawanyike. Tulishuka kilima pamoja, polepole, kwa mwendo wa magoti yake.

"Kule juu," akasema, "zizi letu linaonekana?"

"Linaonekana, Bibi."

"Na mawe?"

"Na mawe. Nyasi zimeota, lakini ni meupe."

Tukatembea. "Hukuniambia," akasema.

"Sikujua nianzie wapi."

6 Machi, Jumamosi

Masika imeingia. Tangu mchana mvua inapiga bati kama watu wanaomwaga maharage. Kornelio ameniachia taya. Jumatatu ananitaka kilima cha pili, kama Bibi ataruhusu. Ziko hapa kitandani kando yangu, kavu.

Leo mchana Mzee Nyangwine alipita kunywa chai. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia anamwambia Bibi kwamba Bwana Miti alimsimulia nilivyosema mimi ndiye niliyepaka. Alisema kwa kucheka, akidhani ni hadithi nzuri. Bibi hakucheka. Nilimtengea chakula akakiacha. Jioni nikamsikia anasimama juu ya kitanda chake, yeye ambaye hapandi hata kizingiti bila kushikwa, na kitu kikatolewa kwenye msumari.

Sasa anakuja. Namjua kwa fimbo, kisha mguu, kisha mguu unaoburuta. Harufu imemtangulia, harufu ile ya zizi na ya siku ya mtihani. Ameleta pembe, na sijui kama anataka kupaka taya au mimi.

Sitamwambia kitu kuhusu meno. Nitapiga magoti, nifungue kitambaa, niseme kwa Kikurya: hapa Bibi, kichwani, paka hapa, pote, na chuma niachie mimi, kibaki kikavu.

Fimbo imefika mlangoni. Karatasi hii inakwenda chini ya godoro. Taya naziacha zilipo, azione.